Majina ya Mitaa na Kumbukumbu ya Ardhi: Matembezi ya Kitengela na Kajiado

Likitajwa jambo la mji wenye historia katika Afrika ya Mashariki, fikra za wengi wetu huelekea pwani. Huenda Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, penye kuta za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na vibla vilivyochongwa kwa ustadi. Mgeni anayetaka kuufahamu mtaa wa Mkomani kule Lamu kama aufahamuvyo mwenyeji anajua la kufanya: apite vichochoroni taratibu, aketi barazani, asikilize. Mitaa ya bara haikupewa heshima hiyo. Yadhaniwa kwamba haina historia kwa kuwa haina magofu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika nchi ya Kajiado historia haikuachwa katika mawe bali katika majina, na kwamba majina hayo yanatoweka upesi kuliko hata magofu ya pwani, kwa sababu hakuna idara ya makumbusho iliyowekwa kuyalinda.

Mwenyeji hatembei kwa ramani. Hutembea kwa majina, na mara nyingi kwa majina ya vitu visivyokuwapo tena. Atamwelekeza mgeni apinde kulia pale palipokuwa na mti mkubwa, hali mti ulikatwa zamani na mahali pake pamesimama duka la saruji. Mgeni huona jambo hili ni la kuchekesha. Mwanaisimu hapaswi kucheka, maana hapo ndipo kazi yake inapoanzia.

Tuanze Kitengela. Anayeingia mjini kwa barabara itokayo Athi River kwenda Namanga hupokewa na makelele ya matatu, bodaboda na maduka ya vifaa vya ujenzi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu hapa watu zaidi ya 150,000, na wengi wao walihamia katika kipindi kisichozidi miaka thelathini. Lakini akiiacha barabara kuu na kwenda ndani kwa mwendo wa robo saa, kelele hizo hukatika ghafla. Saa nne za asubuhi mitaa ya ndani huwa kimya kabisa. Wenye nyumba waliondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, nao hawatarudi kabla ya jua kutua. Huonekana malango ya chuma, kuta za mawe, nguo zilizoanikwa, mlinzi ameketi kivulini, na kando ya njia mbuzi wachache wanaotafuta majani katika viwanja ambavyo bado havijajengwa. Chini ya miguu ni udongo mweusi wa kunata, ambao wakati wa masika hung'ang'ania kiatu hata mtu akajiona amevaa viatu viwili, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono.

Mojawapo ya mitaa hii huitwa Milimani. Msomaji aliyepata kufika Kitengela atakumbuka kwamba nchi yake ni tambarare, na kwamba mtu akitaka kuuona mlima hana budi kuinua macho atazame Ngong au Ol Donyo Sabuk kwa mbali. Je, jina hili lilitoka wapi? Zamani za ukoloni maofisa wa serikali walipenda kujenga nyumba zao mahali pa juu, penye hewa safi, mbali na mitaa ya wafanyakazi. Ndivyo zilivyopatikana Milimani za Nairobi, Nakuru, Kisumu na Kitale. Baada ya uhuru nyumba hizo ziliingiwa na wakubwa wapya, jina likabaki. Kidogo kidogo likaacha kueleza umbo la nchi, likawa linaeleza hali ya wakaao. Kwa hiyo Milimani ya Kitengela ni neno la Kiswahili lililopoteza mlima likabaki na cheo. Kiambishi -ni kingali pale mwishoni mwa neno, lakini hakionyeshi tena mahali popote ardhini.

Mtaa mwingine huitwa Acacia. Hapa pana jambo zito zaidi. Kiswahili chetu kina neno mgunga, nalo hutumika kwa miti mingi ya jamii hiyo bila kubagua sana. Kimaa hakifanyi hivyo. Eluai ni ule mti mfupi wa miiba mirefu na vifundo vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi, ambavyo upepo ukivipitia hulia kama filimbi. Oltepesi ni mti mwingine, mpana wa kivuli. Olerai ni mwingine tena, mrefu wa gome la manjano. Tofauti hizi si za kupendezea mazungumzo tu. Eluai hupenda udongo mweusi wa kunata, kwa hiyo palipoitwa kwa jina la eluai mwenyeji alijua kwamba masika ng'ombe watazama matopeni. Olerai huota palipo na maji karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo jina la olerai lilikuwa pia habari ya maji. Mjenzi wa leo ambaye hakuyajua majina hayo huyagundua mambo yale yale kwa gharama: hujenga juu ya udongo unaovimba na kunywea, na baada ya misimu michache ukuta wake hupata ufa kutoka dirishani hadi msingini. Fundi mwenye uzoefu huuchimba udongo ule wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Maarifa hayo yalikuwa yamefungwa katika jina. Jina Acacia, ingawa ni zuri katika tangazo la kuuza viwanja, halimwambii mnunuzi lolote kuhusu anachokinunua.

Kabla ya kuwa Kitengela, soko la kando ya barabara lilijulikana kwa jina la Noonkopir, ambalo bado lasikika vinywani na kusomeka katika majina ya shule. Kitengela lilikuwa jina la mto na la mbuga. Noonkopir ni neno la Kimaa lenye kuhusiana na manyoya ya ndege, na noo- hiyo ya mwanzo ni kiungo cha umilikishi cha jinsi ya kike katika wingi, kama ambavyo Mswahili angesema "-enye manyoya" au "ya manyoya". Mtu anayejifunza Kimaa kwa kusoma sarufi ya Tucker na Mpaayei ya mwaka 1955 ataikuta habari ya viungo hivi, na baada ya hapo kila kibao cha barabarani kitaanza kusema naye.

Lakini jina lenye historia kubwa kupita yote halikuandikwa kibaoni. Limo katika makabati ya wenye nyumba. Atakayebahatika kuonyeshwa hati ya kiwanja katika mitaa hii ataona, mara nyingi, imeandikwa Kajiado, kisha alama ya mkwaju, kisha Kaputiei North, kisha mkwaju tena na namba. Utaratibu huo wa kuandika ulienea kwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963: kwanza wilaya, halafu sehemu ya usajili, halafu namba ya kipande. Mwenye hati hukariri namba yake kama anavyokariri namba ya simu. Tumewauliza baadhi ya wakazi Kaputiei ni nini, nao wakajibu kwamba ni "block", yaani fungu la viwanja.

Kaputiei si fungu la viwanja. Ilkaputiei ni watu. Ni mojawapo ya iloshon, yaani sehemu kuu za Wamaasai, kila moja ikiwa na nchi yake, malisho yake na utaratibu wake wa kutahiri rika. Majirani zao ni Ildalalekutuk, Ilmatapato, Ilkeekonyokie na Iloodokilani. Joseph Thomson alipopita katika nchi yao mwaka 1883 aliandika Kapté. Wajenzi wa reli ya Uganda walisikia Kapiti, wakaliweka jina hilo katika kituo chao cha Kapiti Plains, ambapo Theodore Roosevelt alishuka mwaka 1909 kuanza uwindaji wake. Karani wa usajili wa ardhi, kwa kinyume, alilihifadhi jina karibu kama litamkwavyo, na hata irabu zile za mwisho -iei ambazo ulimi wa Mzungu na wa Mbantu huzikwepa hakuziacha. Akaongeza tu neno la Kiingereza la dira. Kwa hiyo katika maandishi yote ya miaka mia na ushei, hati ya kuuzia ardhi ndiyo iliyolitunza jina la wenye ardhi kwa usahihi zaidi. Mwandishi hajui kama afurahi au asikitike kwa jambo hili.

Jinsi watu walivyogeuka kuwa namba ni hadithi ndefu, nasi tutaipitia kwa ufupi. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na Olonana na wazee wengine, Wamaasai wakatengewa sehemu mbili, moja Laikipia kaskazini na nyingine kusini ya reli, kwa ahadi kwamba mkataba ungedumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo. Ulidumu miaka saba. Kwa mkataba wa pili wa mwaka 1911 wale wa Laikipia waliamriwa kuhamia kusini, na ng'ombe wengi walikufa njiani. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake walipeleka shauri mahakamani, likatupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba Wamaasai ni kama taifa la kigeni lililofanya mapatano na Mfalme, na mapatano ya namna hiyo hayaamuliwi na mahakama. Hivyo walionyang'anywa ardhi kwa kuwa raia wasio na nguvu walinyimwa haki kwa kuwa si raia. Nchi ya kusini iliyobaki ndiyo iliyokuja kuwa wilaya za Narok na Kajiado.

Baada ya uhuru ilikuja Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ya mwaka 1968, na kwa sheria hiyo nchi ya iloshon ikakatwa kuwa ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ilidumu hadi mwaka 1988, ndipo wanachama wakagawana. Walioandikwa daftarini walikuwa hasa wanaume wakuu wa kaya. Mke au kijana alipopata habari kwamba kipande kimeuzwa, mara nyingi vigingi vya mpima ardhi vilikuwa vimekwisha kupigwa. Mwaka 1990 ilianzishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, viwanda vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Yaliyofuata yaonekana kwa macho.

Ningependa hapa kuingiza neno moja juu ya lugha yetu wenyewe, maana Kiswahili hakikosi lawama. Ardhi ya malisho ilipoanza kuuzwa, iliuzwa kwa jina la shamba. Katika Kiswahili cha pwani shamba ni mahali palipopandwa kitu: minazi, mikarafuu, mihogo. Mtu akilisema neno hili juu ya nyasi tupu, amekwisha kusema kwamba nyasi hizo ni upungufu, kwamba pale panangoja kulimwa au kujengwa. Kimaa kina neno olokeri, malisho yaliyotengwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, ambayo ng'ombe wazima hawaruhusiwi kuyaingia mpaka kiangazi kikaze. Olokeri halikuwa "shamba" wala "pori". Lilikuwa akiba, yenye mipaka na sheria. Lakini mnunuzi na dalali waliposimama pale waliona uwanja mtupu, na lugha waliyokuwa nayo haikuwapa njia ya kuona kitu kingine.

Kosa jingine la namna hii lajulikana zaidi. Kila makazi ya Wamaasai huitwa manyata, katika Kiswahili cha magazeti na katika Kiingereza cha watalii. Emanyatta ni kijiji cha wapiganaji, chenye kazi maalumu na muda maalumu. Makazi ya kawaida ya familia ni enkang'. Hollis aliandika juu ya lugha ya Wamaasai tangu mwaka 1905, na bado hatujasahihisha.

Upande wa kaskazini-magharibi wa Kitengela nyumba hupungua na uwanda hufunguka hadi mto uitwao Mbagathi, ambao ndio mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyotangazwa mwaka 1946. Jina la mto huo kwa Kimaa ni Empakasi. Waliolisikia kwa sikio la Kikuyu walipata Mbagathi, na wengine wakapata Embakasi, jina ambalo limekwenda mbali na mto wake likawa la mtaa mkubwa wa mashariki ya Nairobi. Mbuga ile haikuzungushiwa ua upande wa mto, ili nyumbu na pundamilia watoke wakati wa mvua kwenda kula na kuzaa katika uwanda wa Kitengela. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa wamebaki maelfu machache. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua. Mpango ulikuwa na nia njema. Lakini kwa thamani ya kiwanja kimoja kidogo karibu na barabara, mtu angeweza kulipwa dola hizo kwa vizazi kadhaa.

Tuendelee kusini. Kiasi cha kilomita 50 kutoka Kitengela, baada ya Kisaju na Isinya, msafiri hufika mji wa Kajiado, ambao ni mtulivu kuliko Kitengela kwa kila kipimo. Huu ni mji wa reli. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuchimba magadi ya ziwa, na reli yake ilitoka Konza, ikapita hapa, ikateremka bondeni. Kufikia mwaka 1915 ilikuwa imefika ziwani. Magadi, bila shaka, ni neno la Kiswahili, la kupikia maharagwe na la kutia katika ugoro, likapewa ziwa lililokuwa na jina lake. Pamoja na reli walikuja makarani, vibarua, wenye maduka ya Kihindi, wafanya biashara ya ng'ombe wa Kisomali, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Mtaa uitwao Majengo ni ushahidi wao. Nairobi kuna Majengo ya Pumwani ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920; Mombasa ipo, Nyeri ipo. Kila mahali jina hili lilimaanisha makazi ya Waafrika wa mjini, wasiokuwa na kabila moja, na ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa njiani kuwa Kiswahili. Katika nchi ya Wamaasai jina la Kibantu lililo wazi kiasi hiki ni kama muhuri wa tarehe.

Katika mitaa ya nyuma ya stesheni mwandishi alipata kujibiwa salamu kwa lugha tatu katika njia moja. Kwa mzee wa kiume "Sopa," naye "Ipa." Kwa mama "Takwenya," naye "Iko." Mtoto hakusema neno, aliinamisha kichwa ili aguswe utosini, kisha akakimbia akiwaita wenziwe kwa Kiswahili. Mtembezi asiyejua kwamba kichwa kilichoinamishwa ni salamu hupita bila kukigusa, na mtoto hubaki ameinama.

Jina la mji lenyewe linahitaji kuchambuliwa. Asili yake ni Olkejuado: ol-keju, mto, na -ado, refu. Mto mrefu. Katika Kimaa shina -keju likichukua kiambishi cha kike huwa enkeju, mguu. Likichukua cha kiume, ambacho aghalabu hukuza, huwa olkeju, mto. Mto, basi, ni mguu mkubwa wa nchi. Waswahili nao waliona kiungo cha mwili walipotazama maji, ila wao waliona mkono, ndipo tukawa na mkono wa bahari. Tofauti hii yastahili utafiti wake.

Olkejuado liligeukaje kuwa Kajiado? Kiambishi ol- kilianguka, kama kilivyoanguka katika majina mengi ya Kimaa yaliyoingia katika ramani. Irabu e ikawa a, na u ikawa i. Twadhani kwamba waliolisikia kwanza na kulisemasema walikuwa wasemaji wa Kikamba na Kikuyu waliofanya kazi katika reli, ambao ka- mwanzoni mwa jina la mahali si jambo geni masikioni mwao. Kajiado ni jina la Kimaa lililovikwa nguo ya Kibantu likaandikwa kwa hati za Kiingereza. Lililobaki bila kuguswa ni sehemu ile ya mwisho tu, -ado.

La ajabu ni kwamba umbo la zamani halikufa. Wilaya iliitwa Kajiado, na stesheni Kajiado, lakini baraza lililowasimamia wananchi liliitwa Baraza la Wilaya la Olkejuado. Kwa muda wa miaka mingi mtu wa hapa aliweza kulipa ushuru wake kwa Olkejuado na kushtakiwa Kajiado. Mwaka 2013 mabaraza yalivunjwa, serikali za kaunti zikaanza, na kaunti ikachukua jina la Kajiado. Olkejuado limebaki hasa katika shule ya sekondari ya wavulana mjini, ambako huandikwa juu ya madaftari, na juu ya mto wenyewe.

Mto ule huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Tulipofika, malori yalikuwa yamesimama mtoni yakipakiwa mchanga wa ujenzi, na kijana mmoja aliyeshika sepeleo alitwambia kwamba mchanga huo unakwenda Kitengela. Alipoulizwa mahali pale panaitwaje, alitaja jina la mwenye lori. Mama aliyekuwa akichota maji katika kisima kilichochimbwa mchangani, hatua chache kutoka hapo, alimsahihisha bila kuinua kichwa.